Maneno Juu ya Kupanga Sauti za Waimbaji

(Hotuba iliyosemwa mbele ya walimu na wanakwaya, Kariakoo, Dar es Salaam)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi ambayo wengi waiona ndogo, nayo ni kumpokea mtu mpya katika kwaya na kumwambia, "Wewe keti kule." Neno hilo husemwa upesi, pengine mlangoni, huku wengine wakigawana karatasi za nyimbo. Lakini mtu akiisha kuambiwa hivyo aweza kukaa kule miaka ishirini. Sisi tumelisema neno hilo mara nyingi, na mara nyingine tumelisema vibaya. Basi tutaanza na kosa letu wenyewe, ndipo mtakapoelewa kwa nini tumejitia kusoma habari za waimbaji wa mbali.

Alikuja kwetu binti mmoja, mwuza vitenge katika Mtaa wa Kongo. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye haya, na kusema kwake kulikuwa kwa upole. Wakati ule sauti ya kwanza ilikuwa imepungukiwa, maana wawili walikuwa wameolewa wakahama mji, na sikukuu ilikuwa karibu. Tukamtazama umbo, tukasema, "Huyu ni sauti ya kwanza." Hatukumpima kwa kinanda wala kwa mdomo. Akaimba hivyo mwaka mmoja na nusu. Noti za juu alizifikia, naam, lakini kila alipozifikia kidevu kiliinuka na mishipa ya shingo ikasimama, nasi tukadhani ni bidii. Baadaye akaanza kuja mazoezini koo limekauka. Kisha akashindwa hata kumwita mteja. Hospitalini wakamtazama kooni kwa kioo chenye taa, wakaona vinundu viwili vidogo juu ya nyuzi za sauti, kila upande kimoja, mahali zinapogongana. Akaamriwa anyamaze. Kumwamuru mwuza vitenge wa Kariakoo anyamaze ni sawa na kumwambia mvuvi asikanyage maji. Riziki yake ilikuwa katika koo lile, nasi ndio tuliolichosha.

Tutarudi kwake. Kwanza tutazame sauti yenyewe ni kitu gani.

Ndani ya shingo mna zoloto, lile ambalo kwa wanaume huonekana limejitokeza kama kifundo. Ndani yake mna nyuzi mbili za nyama zilizofunikwa utando laini, na pumzi itokayo mapafuni huzitetemesha. Zikitetemeka mara 440 kwa sekunde, hutoka noti ile ya kinanda ambayo mkutano wa London wa mwaka 1939 uliikubali iwe ya kulinganishia vyombo. Zikitetemeka mara 220, hutoka noti hiyo hiyo, oktava moja chini. Nyuzi za mwanamume mzima huwa na urefu wa milimita 17 hata 25 hivi. Za mwanamke ni 12 na nusu hata 17 na nusu. Uzi mrefu na mnene hutetemeka polepole, kama mlivyoona katika udi na gitaa.

Lakini umbo la nje halitujulishi urefu wa nyuzi za ndani. Hapa sokoni, mahali palipopata jina lake kwa wachukuzi wa Carrier Corps wa vita vya 1914 hata 1918, tumemsikia mchukuzi mwenye kifua kama mlango akiimba kwa sauti nyembamba safi ya tenori, na karibu yake karani mwembamba, mwenye mkoba na miwani, akitoa besi ya kutetemesha benchi. Mtu wa kwanza aliyesifika kwa kuziona nyuzi hizi zikifanya kazi alikuwa mwalimu wa kuimba, wala si daktari: Manuel García, Mhispania aliyekaa London, ambaye mwaka 1854 alijitazama koo lake mwenyewe kwa vioo viwili na mwanga wa jua. Aliishi miaka 101. Twapenda kuwakumbusha walimu jambo hili, maana wengi hudhani ya kooni ni ya waganga tu.

Sasa majina. Sisi twasema sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Ni majina mepesi, lakini yana sumu kidogo, kwa kuwa yafanana na nafasi za mtihani. Mtoto aliyezoea kusifiwa kwa kuwa wa kwanza darasani, atakubalije kuwekwa katika sauti ya nne? Tena sauti ya kwanza ndiyo ishikayo wimbo ambao kila mtu aujua, basi wengi hukimbilia huko. Majina ya kale hayakuwa na mashindano hayo. Tenori latoka katika neno la Kilatini la kushika, kwa sababu zamani, katika nyimbo za kanisa za Ulaya, yeye ndiye aliyeushika wimbo wenyewe kwa noti ndefu, na wengine wakamzunguka. Aliyeimba juu yake aliitwa wa juu, altus. Aliyekuwa chini, bassus. Ndiyo sababu alto, ambayo kwetu ni sauti ya chini ya akina mama, kwa maana yake ni "juu." Ilipewa jina hilo na wanaume.

Watu waliochunguza sauti kwa ukali kuliko wote ni watu wa opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, pamoja na kundi kubwa la wapiga ala. Wengine mtauliza, opera yatuhusu nini sisi wa Msimbazi na Gerezani? Yatuhusu kwa kuwa mwimbaji wa opera hana kipaza sauti. Aimba juu ya zeze na tarumbeta nyingi, kwa saa tatu, na kesho kutwa tena. Akipangwa vibaya hawezi kujificha nyuma ya spika.

Mfano ulio karibu nasi ni Aida, kazi ya Giuseppe Verdi wa Italia, ambayo ilichezwa kwanza hapa Afrika, katika mji wa Cairo, tarehe 24 Desemba 1871. Hadithi yake ni ya Misri ya kale. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi, aliyetekwa akawa mtumwa, naye ni soprano. Amneris, binti wa Farao, mshindani wake katika mapenzi, ni mezo-soprano, maana yake soprano ya katikati. Radamès, jemadari apendwaye na wote wawili, ni tenori. Baba yake Aida, mfalme Amonasro, ni baritoni, sauti iliyo kati ya tenori na besi. Kuhani mkuu Ramfis ni besi, na mfalme wa Misri ni besi pia. Mwaona jinsi walivyozoea kugawa: wapendanao wakapewa sauti za juu, wivu na ubaba zikapewa sauti za kati, ufalme na ukuhani zikapewa sauti za chini. Desturi hii haina sheria ndani yake, na ukiisikiliza hadithi hata kitendo cha nne, makuhani wanapomhukumu Radamès chini ya ardhi na Amneris akiwa juu anawalaani, utajua ni nani aliyeibeba. Sauti ya pili, ndugu zetu.

Lakini angalieni jambo kubwa zaidi. Katika Aida mna daraja tano za sauti, nasi tunazo nne. Ni akina nani waliokosa kiti kwetu? Ni mezo-soprano na baritoni. Nao ndio wengi! Waalimu wa kuimba wa nchi nyingi wakubaliana kwamba wanawake walio wengi sauti zao ni za katikati, na wanaume vivyo hivyo. Tenori wa kweli ni wachache, na besi wa kweli ni wachache. Kontralto wa kweli, yaani mwanamke wa sauti ya chini kabisa, ni adimu kama embe la Juni. Basi katika kila kwaya ya sauti nne, watu wengi wameketi katika kiti kisicho chao: baritoni mmoja ajinyoosha kuwa tenori, mwenzake ajikandamiza kuwa besi. Hatusemi tuvunje sauti nne. Nyimbo zetu zimeandikwa hivyo, nasi twazipenda. Twasema kiongozi ajue kwamba yule baritoni aliyemweka katika sauti ya tatu amemkopesha nguvu, na mkopo una kikomo.

Wajerumani wamekwenda mbele zaidi. Katika nyumba zao za opera hutumia neno Fach, yaani kichumba cha kabati. Wale wanaonunua vipuri Gerezani wameyaona makabati yale: nati za kipimo hiki hapa, za kipimo kile pale, na mwenye duka hukasirika ukizichanganya. Hawatazami tu noti ya juu na ya chini ambazo mtu azifikia. Hutazama uzito wa sauti, rangi yake, wepesi wake wa kukimbia, na mahali inapopenda kukaa. Kwa hiyo soprano peke yake wamemgawa mara nyingi: yuko wa koloratura, mwenye sauti nyepesi iwezayo kuruka noti kama chiriku, yuko wa liriki, mwenye sauti laini ya kutiririka, yuko wa dramatiki, mwenye sauti nzito ya kushindana na tarumbeta. Katika opera ya Mozart iitwayo Die Zauberflöte, iliyochezwa kwanza Vienna mwaka 1791, Malkia wa Usiku hupanda hata fa ya juu sana, na Sarastro, ambaye ni besi, hushuka hata fa ya chini. Kati ya noti hizo mbili mna oktava nne kamili.

Nalo Fach lina faida ambayo hatukuitazamia. Huandikwa katika mkataba. Mwimbaji aliyeajiriwa kwa kichumba fulani aweza kukataa kazi ya kichumba kingine, akisema, "Hii si sauti yangu, itaniharibu." Sisi tulidhani kupangwa ni amri ya mkubwa juu ya mdogo. Kumbe kwao ni ngao ya mwimbaji. Yule binti wetu hakuwa na karatasi yoyote ya kutuonyesha, naye kwa heshima asingalituambia.

Neno hili la "mahali sauti inapopenda kukaa" ndilo tungependa mlichukue kuliko mengine yote. Mtu aweza kupanda ngazi hata dari, lakini hawezi kulala juu ya ngazi. Noti ya juu ambayo mwimbaji aigusa mara moja haitupi habari nyingi. Yatupasa kuuliza: akiimba beti tano katika eneo hili, atamaliza akiwa na sauti ile ile? Tena kila sauti ina kivuko, mahali inapobadilika namna yake, kama gari libadilishavyo gia. Kwa tenori kivuko kiko juu kidogo kuliko kwa baritoni, na mara nyingi wawili hao hutambulikana hapo, ingawa noti zao za mwisho zalingana.

Na hapa kuna shida yetu ya pekee. Wengi wetu tulifundishwa kwa do, re, mi, kwa njia ambayo mama mmoja wa Norwich, Sarah Glover, aliianza, na John Curwen akaieneza katika karne ya 19. Ni njia njema, imeimbisha Afrika nzima. Lakini do yake haina makao. Kiongozi huitoa kichwani. Akiamka na furaha, kwaya yote hupanda. Akiwa na mafua, wote hushuka. Hivyo tenori wa Jumapili hii si tenori wa Jumapili ijayo. Zamani dawa yake ilikuwa uma wa chuma wa kulinganishia sauti, nao haukupatikana kila parokia. Leo simu ya mkononi yaweza kuitoa noti ile ya 440 pasipo gharama kubwa, wala hatuoni udhuru tena. Mkiona wimbo unawachosha wa kwanza na wa tatu, shusheni do kwa hatua moja. Mtunzi hatafufuka kuwashitaki.

Sasa juu ya wanawake wenye sauti nene. Twajua aibu wanayoipata. Huambiwa, "Unaimba kama mwanamume," nao hujikunja wakatafuta sauti nyembamba isiyo yao. Lakini nani alimwambia Bi Kidude apande? Marehemu yule wa Unguja, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, aliimba taarabu na nyimbo za unyago kwa sauti nzito ya kukwaruza, na watu wa Ulaya na Asia wakamwita awaimbie. Na huko Marekani alikuwako Marian Anderson, kontralto, mtu mweusi, aliyeimba mbele ya watu 75,000 hivi katika mji wa Washington tarehe 9 Aprili 1939, baada ya kunyimwa ukumbi kwa sababu ya rangi yake. Na mwaka 1955 akawa mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya kuigiza katika opera ya Metropolitan ya New York. Vivyo hivyo besi wasijione watu wa nyuma. Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini, kundi la marehemu Joseph Shabalala, lilisifika duniani likiwa na besi wengi kuliko sauti nyingine zote.

Juu ya wavulana tutasema kwa ukali kidogo. Zoloto la mvulana hukua upesi afikapo miaka 12 hata 15, na sauti yake hushuka kiasi cha oktava moja. Siku hizo husema kwa sauti mbili katika neno moja, na wenzake humcheka. Asifukuzwe kwaya, wala asisukumwe katika besi kwa sababu ametoa noti moja nene. Aimbe kidogo, taratibu, katika noti chache zinazokubali, nasi tumpime tena baada ya miezi mitatu, na tena, mpaka sauti itulie. Zamani huko Italia wako watu ambao hawakutaka sauti ya mtoto ishuke kamwe, wakawafanya wavulana matowashi ili wabaki soprano. Wa mwisho aliyejulikana katika kwaya ya Sistina, Alessandro Moreschi, alifariki mwaka 1922, na sauti yake iko katika sahani zilizorekodiwa 1902 na 1904. Tumeisikiliza mara moja. Hatukutaka kurudia.

Sauti za akina mama nazo huhama. Mama aliyekuwa soprano akiwa na miaka 25 huenda akiwa na miaka 55 ni alto mzuri, kwa maana sauti hushuka wakati wa kuzaa ukiisha kupita. Kumwambia jambo hilo kwataka adabu. Sisi humwomba aende "kuwasaidia wa pili," naye huenda kwa heshima yake, na mara nyingi huwafundisha kweli.

Wengi hutuuliza, basi tumpimeje mtu? Msimpime asubuhi na mapema, wala siku ya mafua, wala mbele ya wenzake wote. Msimpime katika kanisa lenye mwangwi mkubwa; kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pale pwani, lililojengwa tangu 1897 hata 1902, humpamba kila aimbaye, hata sisi. Mchukueni chumbani. Zungumzeni naye kwanza, msikilize sauti yake ya kusema ipo wapi, lakini msiiamini sana, maana watu wengi husema kwa sauti ya kuigiza; yule binti wetu alisema kwa wororo kwa sababu ya haya tu. Kisha aimbe wimbo aupendao. Mpandisheni hatua kwa hatua, mkitazama shingo na kidevu kuliko kusikiliza noti. Hapo shingo inapoanza kufanya kazi isiyo yake, acheni. Andikeni katika daftari, na mwaka ujao mpimeni tena.

Kuhusu nguvu ya sauti, msidhani ni kupiga kelele. Johan Sundberg, mtaalamu wa Sweden, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba wanaume wa opera hukusanya nguvu ya sauti yao karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo kundi la ala limekwisha kupungua, kwani nguvu yake kubwa iko karibu na 500. Ndiyo maana mtu mmoja asikika juu ya ala themanini. Twadhani wachuuzi wetu wamegundua neno lenye udugu na hilo pasipo kitabu. Piteni Mtaa wa Msimbazi jioni, mtasikia: hawaiti kwa sauti nene, huita kwa sauti kali, ya juu, ya puani kidogo, nayo hupenya honi za daladala. Ila wao huita tangu asubuhi hata usiku, na koo la nyama si honi. Siku hizi wengi wamejirekodi katika kipaza sauti kidogo cha betri, kinachotaja bei ile ile kutwa nzima. Twajua kinachosha masikio, na sisi wenyewe tumekilalamikia. Lakini mwanakwaya mwuzaji akituuliza, twamshauri akinunue.

Yule binti alikinunua. Alinyamaza wiki kadhaa, akafundishwa hospitalini jinsi ya kusema pasipo kukaza koo, na miezi ilipopita vinundu vikapungua, wala hakupasuliwa. Tulikwenda nyumbani kwake tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Mama yake akatujibu, "Mwalimu, huyu tangu utotoni akiwa jikoni peke yake huimba chini, kama babu yake." Jambo ambalo tungalilijua kwa kuuliza mara moja. Alirudi kwaya, tukampima chumbani, taratibu, na sauti ikashuka, ikashuka, ikatua mahali ambapo sisi hatukuwa na mwanamke yeyote. Sasa aketi mwisho wa safu ya pili, karibu na wanaume, na katika wimbo wa jubilei ana mistari miwili ya peke yake. Tumeshusha do kwa ajili yake.

Walimu wanaotaka kupimwa wenyewe, au kuona jinsi tunavyopima, waje Alhamisi saa kumi na moja jioni, chumba cha nyuma ya ukumbi. Kinanda kitakuwapo. Njooni mmekwisha kunywa maji, na tafadhali msije wote kwa pamoja.